Kaya ya Mama Ndani ya Kompyuta ya Usharika

Namhimidi Mungu aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na kumbukumbu, maana wapo waliojaliwa miaka mingi wasijaliwe kuikumbuka. Yeye aliyeyafanya macho yaone na moyo ujute, aliyenivumilia wakati mimi sikuwa na uvumilivu kwa mwingine, asifiwe asubuhi, na asifiwe jua linapozama upande wa Sengerema. Ninayotaka kuyasimulia hayana sifa kwangu. Sifa ni zake tu, kwa kuwa ameniacha hai hadi nikayasema.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa katibu wa usharika wetu hapa Mwanza, baada ya kustaafu ualimu. Ndugu wa usharika rafiki huko Ulaya walituletea kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na mashine yake ya kuchapa iliyolia kama cherehani yenye kutu. Tuliiweka katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, akina mama wakaishonea kitambaa cheupe cha kuzuia vumbi, nami nikakabidhiwa ufunguo. Kazi yake ilikuwa matangazo ya Jumapili, orodha za wabatizwa na barua za vikao. Ndani ya boksi ilimokuja tulikuta disketi nyingi na CD chache, na katika moja ya CD hizo mlikuwa na mchezo. Haukuwa mchezo wa vita. Unapewa ardhi tupu, unajenga nyumba, unachimba visima, unapanda miti, na watu wadogo kama punje za mchele wanahamia na kuanza kuishi. Wanaamka, wanateka maji, wanachunga, wanarudi nyumbani. Niliutazama mara moja nikaona ni mambo ya watoto, nikaufungia kabatini.

Aliyeutoa kabatini ni kaka yangu.

Kaka alinizidi miaka minne. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mchoraji wa ramani katika chama cha ushirika wa pamba. Maghala mengi ya pamba unayoyaona ukielekea Magu yalipita kwanza kwenye meza yake. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, ushirika ukabaki na majengo bila pamba, na wafanyakazi wakapunguzwa. Kaka alirudi nyumbani kwake Buhongwa na rula zake na kalamu zake za wino kwenye mkoba wa ngozi. Hakulalamika, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angelalamika. Mchana alikuwa anakuja ofisini kwangu kusoma magazeti, anayasoma yote mpaka matangazo ya vifo, kisha anayakunja vizuri.

Mwaka huo ndipo mama alipoanza kugongana na milango. Aliishi Magu kwa binamu yetu. Tulimpeleka kwa daktari wa macho, naye akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, kwamba giza linaingia kutoka pembeni kidogo kidogo, na kwamba lililokwisha kupotea halirudi. Tukiwa tumekaa nje, mama akasema bila huzuni yoyote, "Mengi nimeshayaona. Nilichokuwa natamani kukiona tena ni kaya yetu. Lakini nacho hakipo."

Kaya yetu ilibomolewa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu walipewa siku chache, wakabeba milango na nguzo, na nyuma yao uwanja ukalimwa pamba. Ilikuwa na ua wa minyaa, zizi la ng'ombe katikati, nyumba tano za nyasi, maghala ya mtama yaliyoinuliwa juu ya mawe, na mwamba mkubwa mweusi upande wa juu ambako mama alikuwa akianika mihogo. Hatukuwa na picha yake hata moja. Wakati ule nani alikuwa na kamera?

Wiki mbili baada ya kauli ile ya mama, nilifungua mlango wa ofisi nikamkuta kaka amekaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka puani.

"Nimeomba ufunguo wa akiba kwa mlinzi," akasema bila kugeuka. "Mdogo wangu, hebu tazama mwamba huu. Unaufahamu?"

Ulikuwa ule mwamba wa mihogo, au kitu kilichofanana nao sana.

Ikawa ndiyo kazi yake. Ndani ya zile disketi kulikuwa na nyongeza nyingi, yaani vitu ambavyo watu wa huko ng'ambo walijichorea wenyewe na kuviingiza katika mchezo: miti, wanyama, visima, nyumba za kila namna. Kulikuwa pia na programu ndogo ya kuchorea. Kaka alichukua vya watu akavibadilisha, na visivyokuwepo akavichora, nukta moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja kwenye kipanya. Mti wa Ulaya aliukata matawi mpaka ukawa mnyaa. Ng'ombe wa Ulaya aliwawekea nundu.

Lakini mchezo haukutengenezwa kubeba mizigo ile, na mwanzoni ulikuwa ukijizima ovyo. Unajenga saa mbili, kioo kinaganda, au mchezo unajifunga wenyewe kama mtu aliyekasirika katikati ya mazungumzo. Mimi ningeacha. Kaka alifungua daftari jipya la mistari, akaandika kwa mwandiko wake wa ramani, herufi zote zimesimama wima.

Utaratibu wake nauona mpaka leo. Kila nyongeza aliipa namba. Aliingiza moja tu kwa siku, kisha akauacha mchezo uende mchana kutwa huku mimi nikiandika barua kwa mkono pembeni, na kama haukuganda ndipo aliweka alama ya vema. Aligundua kwamba mpangilio una maana: ardhi kwanza, kisha miti, kisha nyumba, kisha wanyama, na watu mwisho kabisa, kwa sababu mtu akiingizwa kabla ya nyumba yake anazunguka na mchezo unachanganyikiwa. Aligundua kwamba nyongeza mbili zikipewa namba moja zinagombana, na mashine haina namna ya kuziamua. Na kila alipomaliza alihifadhi kazi mara mbili, kwenye mashine na kwenye disketi ya bluu, kisha akazima kabla ya saa ya mgao wa umeme.

"Ukihifadhi kwenye mashine, hifadhi na kwenye disketi," alinifundisha. "Hata kama nimeugua, wewe fanya hivyo. Usiache kimoja kikawa cha jana na kingine cha leo."

Siku moja nilikuta zizi limepungua.

"Kaka, umeuza?"

"Nimepunguza. Wakizidi mia mbili mashine inaganda."

"Msukuma anapunguza ng'ombe kwa hiari yake! Serikali imejaribu tangu enzi za mkoloni ikashindwa."

"Basi mwambie bwana mifugo alete kompyuta."

Alicheka, na nilimshukuru Mungu, kwa kuwa tangu apunguzwe kazini sikuwa nimesikia kicheko chake. Kwa miezi minane niliishi na furaha ile. Kaya ilijengeka. Nyumba ya baba, nyumba ya mama, ya bibi, ya vijana, ya wasichana, maghala, zizi. Kwa wiki nzima mchezo ulikwenda bila kuganda hata mara moja, ndipo kaka akasema sasa mama aletwe. Tulituma ujumbe Magu. Angekuja Jumamosi. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufungwa na giza, la kulia bado lilikuwa na tundu dogo katikati. "Ataona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo," kaka aliniambia, "lakini ataona. Nitamsogezea kioo taratibu, nyumba moja moja."

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mbele ya nyumba ya baba, kaka alikuwa ameweka kibanda kidogo cha nyasi, paa lake likigusa ardhi. Kilikuwepo kweli. Ndipo baba alipokuwa akimwaga pombe ya mtama na kuongea na wazee wake waliotangulia. Baba alikufa bila kubatizwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa shuleni, na siku ya mazishi yake nilikataa kushika kitu chochote katika yale waliyoyafanya ndugu; nilisimama nje ya ua na Biblia yangu. Mama hakunisema. Aliniletea kiti tu.

Kaka hakuishia kwenye kibanda. Katika nyongeza za wale ndugu wa ng'ambo kulikuwa na mzee mmoja anayemwagilia maua. Kaka alimvua kofia, akamwondolea maua, na kumsimamisha pale kibandani, naye kila jioni ya mchezo akawa anainama na kumimina. Mimi nilikiona kibanda kile tangu mwanzo. Sikukipenda, nikanyamaza.

Jumanne ya wiki ile ambayo mama angekuja, mwinjilisti wetu alipita kuchukua matangazo. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye sauti ya kuhubiria uwanjani. Kaka alikuwa ameshaondoka, mchezo uko wazi. Mwinjilisti akainama kwenye kioo.

"Katibu, huyu anayemimina hapa ni mzee wa kanisa wa mtaa gani?"

"Ni mchezo tu, mwinjilisti. Ni kaya yetu ya zamani, kaka anamwonyesha mama."

"Mchezo! Mimi napiga baiskeli hadi vijijini kuchoma vitu hivi, kumbe vingine vinakaa ofisini, vimefunikwa kitambaa cheupe, na katibu ana ufunguo!" Akacheka mpaka akashika meza. "Haya, Alhamisi baraza linakaa. Uwaandalie na wazee wakatazame."

Akaenda zake na baiskeli yake, bado anacheka. Mimi sikucheka. Usiku huo na asubuhi yake nilijiona nimesimama mbele ya baraza, nikiulizwa ni kwa nini mashine iliyotolewa sadaka na watu wa Mungu inafanya matambiko. Ningependa kuandika kwamba nilimwogopa Mungu. Niliogopa kusemwa.

Jumatano mchana niliingia ofisini peke yangu, nikafunga mlango, nikaomba. Nilikuwa nimehudhuria mara nyingi ibada za kuchoma vitu vya zamani. Mtu anapookoka, tunakwenda kwake na nyimbo, anatoa hirizi, vibuyu, pembe, na vyote vinaingia motoni. Kanuni yetu ilikuwa moja: usiache hata kamba. Tuliwahi kumrudia mama mmoja mara mbili kwa sababu ya ushanga aliouficha kwenye unga. Tulisema utii nusu si utii. Basi nilikaa mbele ya kompyuta kama ninayekwenda kwenye ibada ile. Nilitafuta faili la kibanda, nikalifuta. Nikamfuta na yule mzee. Kisha nikaweka disketi ya bluu, nikafuta na humo pia. Nisiache hata kamba.

Daftari lilikuwa pale mezani, karibu na kiwiko changu. Sikulifungua.

Nikafungua mchezo kuhakikisha kwamba bado ni mzima. Yakatokea maneno ya Kiingereza: kuna kitu hakionekani, je, niendelee? Nikabonyeza ndiyo. Mchezo ukafunguka. Ulifungukia upande wa chini, kwenye malisho, na niliona ng'ombe, minyaa, na mtoto anachunga. Nikasema, "Asante Bwana," kwa sauti. Nililipokea kama jibu. Sikusogeza kioo kwenda juu kwenye nyumba, kwa kuwa sikutaka kuona mahali pa kibanda palipo wazi. Nikahifadhi kwenye mashine. Kisha, kama nilivyofundishwa, nikahifadhi na kwenye disketi, ili kimoja kisiwe cha jana na kingine cha leo.

Alhamisi baraza lilikaa saa tatu nzima. Tuliongelea saruji, tukaongelea sare za kwaya, na ugomvi wa wapiga ngoma wawili. Hakuna aliyetaja kompyuta. Mwinjilisti aliketi karibu nami akipasua karanga. Tulipotoka nilimwuliza kama hakuwa na neno juu ya lile jambo la Jumanne.

"Jambo gani?" akaniuliza. Alikuwa amesahau.

Ijumaa kaka alikuja mapema amevaa shati la kwenda kanisani, ingawa mama angefika kesho yake. Alitaka kupitia kila kitu mara ya mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nilikuwa na maneno, na hata mstari wa Maandiko. Lakini alikaa upesi akawasha, na mchezo ulipofunguka alisogeza kioo kuelekea juu kwenye nyumba, na mara ukajifunga wote, kioo kikabaki cheusi na kimstari kinachopepesa.

Aliwasha tena. Ikawa vilevile. Mara ya tatu alisogeza pole pole, na kabla haujazimika niliona mimi mwenyewe: uwanja ulikuwa mtupu. Hakukuwa na nyumba hata moja. Watu wadogo wa kaya walikuwa wakizunguka pale pale zilipokuwa nyumba zao, wakitafuta milango isiyokuwepo, na ndipo mchezo ulipojifunga.

Kaka alivuta daftari. Alipitisha kidole ukurasa wa kwanza, kisha akafungua orodha ya mafaili kwenye mashine, kisha kwenye disketi. Alichukua muda mrefu. Nje mtu alikuwa akifagia uwanja wa kanisa.

"Ulitoa namba moja," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na kwenye disketi?"

"Na kwenye disketi."

"Ukafungua ukahifadhi."

"Kama ulivyonifundisha."

Akageuza daftari kunielekea. Namba moja ilikuwa kibanda. Katika vitu alivyovichora mwenyewe alikuwa ameanza nacho kwa kuwa kilikuwa kidogo, na alikuwa anajifunza kuezeka. Nyasi zile zilimchukua wiki tatu kuzichora. Zilipompendeza hakuchora tena. Kila nyumba aliyoijenga baadaye aliiagiza ichukue nyasi zake kutoka namba moja. Ilikuwa imeandikwa wazi mbele ya kila nyumba, kwa zile herufi zilizosimama wima: *paa, tazama 1*. Nyumba ya baba, tazama 1. Nyumba ya mama, tazama 1. Mpaka maghala. Mchezo ulipoikosa namba moja uliziondoa nyumba zote, na mimi nilipohifadhi niliuambia kwamba hivyo ndivyo ninavyotaka. Mimi, niliyefundisha watu kusoma kwa miaka ishirini na saba, sikusoma ukurasa mmoja.

"Kaka, baraza..." nikaanza.

"Wamesemaje baraza?"

Baraza halikuwa limesema kitu.

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alivua miwani akaipangusa kwa shati lake, akasema, "Ungeniambia tu kwamba kinakusumbua. Ningekigeuza banda la kuku. Mchoro ungekuwa ule ule, ningebadilisha jina na kumtoa mzee. Kazi ya dakika kumi."

Hilo ndilo neno ambalo limekaa nami miaka yote. Dakika kumi, na kuuliza.

Akafanya kazi mpaka umeme ulipokatwa. Miezi minane haiwezi kurudi kwa mchana mmoja. Alichoweza ni kuwaondoa watu na ng'ombe, ili mchezo usiendelee kujifunga. Ukabaki unafunguka vizuri, hauna shida yoyote, na ndani yake umebaki mwamba, minyaa na uwanja. Alipokuwa akifunga mkoba wake akaniambia, "Mama usimwambie. Tangu mazishi ya baba anaogopa kwamba dini yako ilimchukulia mtoto. Asije akaona imemchukulia na nyumba."

Mama alifika Jumamosi saa nne, amefunga kanga mpya, ameshikwa mkono na binamu yetu.

"Shikamoo, mayu," tulimwamkia pamoja, tukimwita mama kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba, wanangu. Haya, iko wapi hiyo televisheni?"

Tulimkalisha karibu sana na kioo. Aligeuza kichwa kidogo kama kuku anavyotazama punje, ili jicho la kulia likae sawa. Kaka akasimama nyuma yake, mkono kwenye kipanya.

"Mwamba!" mama akasema. Akagusa kioo kwa kidole. "Huu ni mwamba wangu. Ulifanyaje ukauingiza humu?" Akacheka. "Na minyaa. Ee, na ile iliyokatika pale radi ilipopiga. Umekumbuka." Akatazama, akatazama. Kaka akasogeza kioo. "Na hapa? Hapa naona kijani tu. Jicho limeanza tena?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, na Mungu alikuwa ameninyamazishia hata ndege. Nilimtazama kaka, naye hakunitazama.

"Si jicho, mayu," kaka akasema. "Mashine imeugua wiki hii. Nyumba zimetoka."

"Zilikuwepo?"

"Zilikuwepo zote."

"Na ile ndogo ya baba yenu?"

"Nilianza na hiyo, mayu."

Mama akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Vizuri. Umeanza vizuri." Kisha akauliza nani alikuwa akiilinda mashine muda wote huo isiibwe, na kaka akasema, "Ni huyu mdogo wangu. Ufunguo alikuwa nao yeye." Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," akaniambia. "Nilidhani uliichukia kaya ile. Kumbe umeitunza."

Nikasema, "Karibu, mayu." Ndilo neno nililosema.

Kaka alinuia kuanza upya. Alijaribu kwa wiki kadhaa, akachora nyasi mpya, hazikumpendeza. Kisha akapata kazi ya kupima viwanja ng'ambo ya ziwa, Sengerema, akahamia huko, na tulipokutana tuliongea vizuri, lakini mkoba wa ngozi hakuufungua tena mbele yangu. Kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha, lile tundu la jicho la kulia nalo likafumba. Mama aliishi miaka mingine sita gizani, na kila nilipokwenda Magu alinisifu kwa watu kwamba mimi ndiye niliyelinda kaya. Mara tatu nilikwenda nimeazimu kumwambia. Mara tatu nilirudi na mayai aliyonifungia. Alifariki akiwa bado anaamini hivyo. Kaka naye amemfuata.

Nimeungama mbele ya Mungu, na naamini amenisamehe, kwa kuwa ahadi yake haina uongo. Ninamshukuru pia kwa kunipa kaka aliyenifunika wakati nilipostahili kufunuliwa. Lakini msamaha haujengi upya nyumba zile tano. Wakati mwingine wainjilisti vijana hunijia kuniuliza wafanye nini na vitu wanavyovikuta katika nyumba za watu. Siwaambii waviache wala siwaambii wavichome. Nawaambia wakae kwanza, waombe maji ya kunywa, wamuulize mwenye nyumba ni nini kingine kinachoegemea kitu kile. Wengine huniona nimepoa. Huenda nimepoa.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe macho yenye kudumu na ulimi usiochelewa. Akukutanishe na uliyemkosea angali anasikia, na kama amekwisha kwenda, akupe walio hai wa kuwatendea kile ambacho hukumtendea yeye. Nyumba yako na isimame, na wazee wako wakutajapo, wakutaje kwa haki. Amina.